Wanakuja Kupima

Asubuhi tuliyoondoka Kisiwani Bibi hakufunga mlango. Aliswali, akakunja mkeka, akafunga nguo zetu ndani ya shuka, akanitwika sufuria ndogo, akatoka. Nilimuuliza tunakwenda wapi. Ilikuwa siku ya nne hanisemeshi, na mimi nilikuwa mtoto ambaye akinyamaziwa nusu saa tu anaanza kusemesha kuku. Tulishuka mteremko, kuku wetu wawili wakitufuata mpaka tope kavu lilipoanza. Hapo wakasimama. Sisi tukaendelea.

Ninayaandika haya kwa sababu ya wino. Kazi yangu ni kusuka nywele, na nasuka popote miguu inaponifikisha: mwezi huu Kibaha, mwezi ujao sijui. Majuzi nilikuwa mtaa wa Picha ya Ndege, nimekaa kibarazani na kichwa cha mteja mapajani. Mlango wa pili pana dalali wa viwanja. Akafungua kile kibati chenye sponji la wino wa muhuri, mzee mmoja akabonyeza dole gumba, na harufu ikanifikia, harufu ya spiriti na kitu kama chuma kilicholowa. Nilimvuta mteja nywele mpaka akanitukana. Nikamwacha na kichwa nusu, nikamwendea yule mzee.

"Shikamoo baba. Hiyo karatasi umeisoma?"

"Marahaba. Mwanangu kanisomea," akasema, akimwonyesha kijana aliyesimama nyuma yake na simu mbili mkononi.

"Dada," dalali akanikata, "rudi kwenye rasta zako."

Nikarudi. Sikuweza kusuka tena siku ile kwa hasira ambayo nilidhani imekwisha miaka mingi. Wenzangu wa rika langu mliokulia bondeni huko mtanielewa. Wengine nisikilizeni hivyo hivyo.

Kisiwani haiko baharini. Ni mwinuko mdogo kwenye bonde la Mto Ruvu, upande wa Kisarawe. Masika maji yanauzunguka, na ukitaka chumvi au dawa unavuka kwa mtumbwi. Kiangazi maji yanarudi mtoni, unapita kwa miguu juu ya tope lililopasuka vipande kama mkate uliokauka. Nyumba hazikufika thelathini. Watu wa ng'ambo walituita Waunguja wa matopeni, nasi tukawaita wao wabara, ilhali sote tulikuwa Wazaramo wa bonde moja. Kule hakuna aliyekuwa akiuliza ardhi ya mtu inaishia wapi. Iliishia pale mikorosho yake ilipoishia. Mkorosho ulikuwa na mwenyewe, anajulikana kwa jina. Ardhi chini yake ilikuwa ya Mungu.

Lakini nilipofika darasa la tatu mambo yalikuwa yanageuka. Vijana walihamia kwenye mkaa. Bodaboda zilianza kufika kiangazi. Na mara kwa mara alitokea mtu wa mjini, viatu vya ngozi vimejaa vumbi, akiuliza mto uko umbali gani. Wazee walimjibu kwa hesabu ya hatua, wakamcheka akishaondoka. Hawakujiuliza kwa nini anauliza.

Mimi nililelewa na Bibi, mama wa mama yangu. Mama alikuwa Mbagala kwa mume wake mpya, ambaye hakutaka kuona mtoto wa mtu. Bibi hakuwahi kunificha hilo wala kulilia. Kisiwani kote nilijulikana kwa jina la Redio. Nani kajifungua, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani, mwalimu kaja au hakuja: yote yalipita kinywani mwangu kabla ya adhuhuri. Bibi alinikanya kila siku na kila jioni aliniuliza, "Haya, leo kuna nini?"

Kisha akarudi Mjomba Shomari.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, na alikwenda Msumbiji kabla sijazaliwa. Nilimjua kwa dua tu. Bibi alimtaja kila baada ya swala, jina kamili, kama vile Mungu anaweza kumchanganya na Shomari mwingine. Masika ilikuwa inaisha, maji bado yapo, siku alipotokea kwenye mtumbwi akiwa amesimama wima, viatu vyeupe amevishika mkononi juu ya kichwa visiguswe na maji. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Alinukia manukato makali yaliyobaki puani hata akipita nyumba ya tatu. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akaukagua kama mtu anayechagua embe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Nani amekulisha?"

"Dunia, mama."

"Basi dunia ina mkono mzuri kuliko wangu," Bibi akasema, watu wakacheka, naye akaingia ndani kulia mahali tusipomwona.

Alichinjiwa jogoo. Alilala kwenye kitanda cha Bibi, Bibi na mimi tukalala chini. Kila nyumba ilileta kitu. Mama Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye ulimi kama wembe na moyo mpana, alileta wali wa nazi na kumwambia, "Shomari, wewe ulikuwa unaniibia mapapai. Nimekusamehe, ila mbegu nazitaka." Mjomba alicheka na kila mtu. Alikuwa anajua kucheka. Mpaka leo mwanamume anayecheka na kila mtu simpi mgongo.

Mimi nilimpenda mara moja, nisifiche. Asubuhi alinichukua tukatembea kwenye mikorosho, akiuliza huu wa nani, ule wa nani, huu wa mwisho wa nani. Nilimjibu yote. Nilijua mkorosho uliopandwa siku ya harusi ya Bibi, mkorosho wa marehemu babu, mkorosho ambao chini yake kilizikwa kitovu cha Mjomba mwenyewe. Alikuwa akiandika kwenye simu. Aliniita mwalimu wake. Nilidhani amesahau kwao na anajifunza upya, nikaona fahari kumfundisha mtu mzima. Darasani nilikaa nyuma na hakuna aliyeniuliza kitu.

Siku moja akanipa biskuti na kuniambia, "Redio, nina tangazo."

"Lipi mjomba?"

"Pita nyumba zote. Sema Jumamosi wanakuja watu kupima. Kila mtu mzima aje pale chini ya bendera ya kitongoji."

"Kupima nini?"

Akaniangalia kidogo, akitabasamu. "Wewe sema kupima. Watajua wenyewe."

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapolikumbuka. Kupima. Sisi tulikuwa na kupima kwa aina moja tu. Mwaka uliopita walikuja watu wa afya, wakatutoboa vidole, wakatuambia nani ana malaria, wakagawa vyandarua, na kila mtu mzima akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba amepokea. Mjomba alikuwa ameshakaa nasi wiki tatu, amelala ndani ya chandarua hicho hicho, amesikia hadithi hiyo kwangu si chini ya mara mbili. Alijua tutasikia nini.

Nikakimbia nyumba kwa nyumba. "Jumamosi wanakuja kupima! Wakubwa wote mje!"

Mama Tatu alikuwa anatwanga. "Kupima nini, we Redio? Malaria?"

Nami nikasema, "Ndiyo. Na vyandarua vipya vipo."

Hakunituma mtu kusema hivyo. Malaria niliongeza mimi, vyandarua niliviongeza mimi, kwa sababu tangazo lenye maneno mawili lilikuwa halinitoshi.

Jumamosi watu walikuja wamevaa kanga za sikukuu. Mama Tatu alikuja na mwanawe mdogo mgongoni, ana homa kweli. Walikuwapo wanaume wawili wenye kofia, kifaa cha miguu mitatu, na furushi la vyuma. Mjomba alikuwa amenunua soda za kila mtu, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa karibu naye, anakunywa ya pili.

"Daktari," Mama Tatu akamwambia mmoja wao, "anza na huyu wangu, anachemka."

"Mama, sisi tunapima ardhi."

"Ardhi nayo ina homa?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule mtu naye alicheka. Mjomba akapaza sauti kuwazidi wote: "Wa damu wanakuja wiki ijayo, jamani! Hawa wametangulia kuangalia madimbwi ya mbu. Tuanze na mahudhurio!" Basi ikaeleweka. Madimbwi tulikuwa nayo mengi. Kibati cha wino kikafunguliwa, harufu ile ikatoka, na watu wakajipanga mstari kwa adabu, wakubwa kwanza.

Bibi alipofika mbele alisita. Alinivuta sikio taratibu akaninong'oneza, "Wewe unasoma. Pale juu wameandika nini?"

Nilisogea nikasoma. Neno la kwanza lilikuwa MUHTASARI. Sikulijua. Lilikuwa refu, lina H katikati ambayo sikuona kazi yake, nikaliruka. Yaliyofuata niliyaweza: wa mkutano wa wanakitongoji. Chini yake palikuwa na mistari mingi ya mwandiko wa kuunganisha, sikuujua. Nikarudi.

"Ni majina tu, Bibi. Ya waliokuja."

Akabonyeza kidole.

Shule niliiacha miaka michache baadaye, sikuipenda nayo haikunipenda. Lakini tangu siku ile hakuna karatasi inayopita mbele yangu nisiisome, iwe ya kufungia karanga, iwe ya kesi ya mtu mwingine. Muhtasari. Maana yake ni kwamba mlikaa, mkajadili, mkakubali. Ilisema sisi tulikaa tukakubali Kisiwani iuzwe, na kwamba msimamizi wa yote ni Shomari, mtoto wa pale. Sisi tuliokuwa tunakunywa soda.

Mjomba aliondoka Jumatatu. Alisema anakwenda kufuatilia vyandarua.

Maji yaliporudi mtoni na tope kukauka, wakaja wengine, na misumeno ya mashine. Walianzia kwenye mikorosho ya ukingoni. Mkorosho mbichi ukikatwa unatoa harufu ya uchachu inayokaa kooni kama kichefuchefu, na ule mlio haukupumzika isipokuwa wakati wa chakula. Wazee walikwenda kuwazuia. Wakaonyeshwa karatasi, na kwenye karatasi vidole vyao wenyewe, vya zambarau, vizuri kabisa, kila kimoja na jina lake. Mtu aliyenunua hatukumwona. Alikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na mbwa.

Mama Tatu alikuja uani kwetu na wanawake sita. Hakubisha hodi.

"Bi Mwanaidi, mwanao amekula. Amekula amelamba na vidole vyetu."

Bibi alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso.

"Na hii Redio yako!" Alininyooshea mkono. "Ilikuja mpaka kinu changu. Nikauliza malaria? Ikasema ndiyo. Mtoto wangu nilimpeleka pale na homa, nikasubiri madaktari wa madimbwi! Redio ya namna hii si ya kuweka ndani. Itupe mtoni."

Mtoto wake alipona, nishukuru. Lakini homa ilikuwa ikimrudia, na wakati ule alikuwa amelala ndani tena, nami sikuwa na pa kutazama.

Kesho yake Bibi alijifunga kanga mbili, akanishika mkono. Tulitembea, tukapakiwa kwenye bodaboda, tukafika Masaki, si ile ya matajiri mjini, hii ya kwetu Kisarawe. Mjomba alikuwa amepanga nyumba huko, ana mke mpya, na uani pikipiki tatu mpya zenye nailoni kwenye viti. Wala hakuwa amejificha. Hilo bado linanichoma, kwamba hakuona sababu ya kwenda mbali zaidi ya Masaki. Alitoka na kikombe cha chai.

"Karibu mama. Ungesema, ningewatuma vijana wawachukue."

"Shomari," Bibi akasema, "umewaambia watu nini?"

"Mimi? Mama, mimi sikumdanganya mtu. Nilisema kupima. Si wamepimwa?"

"Watu walikuja kwa ajili ya malaria."

Akanywa chai. Kisha akanionyesha kwa kile kikombe. "Aliyesema malaria ni huyu. Muulize. Redio, mimi nilikwambia useme malaria?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitafuta uongo, sikuupata, maana alikuwa anasema kweli.

"Hukusema," nikajibu.

"Umesikia, mama? Na karatasi alikusomea nani? Mtoto anayesoma umekaa naye ndani, unanilaumu mimi niliyekuwa Msumbiji."

Nilitamani Bibi amtemee mate. Nilitamani achukue kile kikombe amvunjie mdomoni. Sasa mimi ni mtu mzima, na nikipita Masaki kusuka bado huwa natafuta ile nyumba kwa macho nikiwa na hamu hiyo hiyo. Bibi hakufanya lolote. Alimtazama kwa muda mrefu, uso wote, kama siku ile ya mtumbwini, ila mikono yake haikuinuka. Kisha akageuka. Mjomba alituita turudi tule, akatuita mara mbili, na ile ya pili alikuwa anacheka.

Tangu pale Bibi hakunisemesha. Siku ya kwanza nilidhani amechoka. Siku ya pili nilifagia uwanja mara tatu. Siku ya tatu nilielewa kwamba amepima maneno ya Mjomba na kuyaona kweli, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama chakula chake alichokuwa akinisogezea bila neno. Siku ya nne akakunja mkeka.

Kwa hiyo nilimfuata kwenye lile tope kavu na sufuria kichwani, sijui kama ananichukua au ananipeleka mahali kuniacha. Nilifikiria Mbagala. Nilifikiria mume wa mama akifungua mlango. Tulipofika barabara ya magari lori la mchanga likatuchukua, Bibi mbele na dereva, mimi katikati yao.

"Mnashukia wapi, bibi?" dereva akauliza.

"Watu wengi wanaposhukia."

"Wengi wanashukia Kibaha."

"Basi hapo."

Ndivyo tulivyopata mji. Alitushusha kwenye lami palipokuwa na kelele, maduka ya mabati na watu ambao hawakutuangalia mara mbili. Bibi alimuuliza mwuza mihogo wapi pana chumba cha kupanga kwa mtu asiyejulikana. Yule mama akatuelekeza Tangini, kwa Mama Neema. Tulifika alasiri. Ulikuwa uwanja uliofagiliwa, vyumba sita vinavyotazamana, kamba za nguo, na mwanamke mnene mwenye aproni aliyekuwa akipepeta mchele. Alikuwa Mpare, mpishi wa shule.

"Shikamoo bibi. Karibu, kaa kwanza. Mnatoka wapi?"

"Marahaba. Tunatoka bondeni."

"Na huyu ni mjukuu?"

"Ni wangu."

Mama Neema akaweka ungo chini. "Chumba kipo, cha mwisho pale. Ila bibi, usinielewe vibaya. Mpangaji mtu mzima akiugua, mimi nampigia nani? Huna kijana wa kiume?"

Bibi akaifungua kanga ya kichwani, akaifunga upya taratibu.

"Nilikuwa naye," akasema. "Amekufa."

Sufuria ilikuwa bado kichwani kwangu. Niliishika kwa mikono miwili.

"Jamani! Lini?"

"Siku ya nne leo."

"Yesu wangu! Siku nne, nawe uko njiani? Mmeshamzika?"

"Tumemwacha huko huko."

Mama Neema alishika kichwa, akamwita mwanawe alete maji ya kunywa, akaita vyumba vyote. Mambo ya kodi, akasema, tuyaache kwanza, mtu hadaiwi akiwa na msiba. Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa, ukafagiliwa, mkeka wa mtu ukatandikwa. Wapangaji wakaja mmoja mmoja, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, mwanamume mmoja wa ofisini bado na tai shingoni. Pole bibi. Mungu ndiye mpangaji. Mmoja alileta uji, mwingine sukari kwenye mfuko. Walikaa nasi, Wakristo na Waislamu, watu ambao saa moja kabla hawakujua kama tuko duniani, wakamlilia Shomari Kibwana Pazi, ambaye muda ule bila shaka alikuwa Masaki anaondoa nailoni kwenye viti vya pikipiki.

Bibi alipokea kila pole. Hakutikisika. Nilimtazama nione kama ana haya, na sikuona, nikaanza kuhesabu siku zake nne nyuma, moja moja, mpaka nikafika pale uani Masaki, kwenye kile kikombe cha chai. Nikajua kwamba ule ukimya haukuwa adhabu yangu; Bibi alikuwa akimkalia Mjomba matanga.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na tasbihi akaniinamia. "Marehemu alikuwa anaitwa nani, mwanangu? Tumwombee kwa jina."

Nikamgeukia Bibi.

"Waambie," akasema.

Nikasimama. Nikalitaja jina lake lote, lile la kwenye dua, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, mgumu wa kusikia, akasema hajanisikia vizuri. Nikalirudia.